Muulize Mwalimu: Sekondari ya kata ikigeuzwa ya amali

Kwa kawaida ukurasa huu hupokea barua za kila namna: michango, mtoto mtoro, mwalimu asiyemaliza silabasi. Mwezi huu hapana. Nimeletewa bahasha saba na ujumbe wa simu mwingi, karibu wote kutoka kata moja ya wilaya ya Muheza, wote kuhusu mkutano mmoja. Nimechagua sita. Jina la kata na la shule nimeyaficha, maana ugomvi bado una moto na baadhi ya walioandika wanapakana ukuta kwa ukuta.

Kwa wasomaji wapya: nimefundisha useremala na uchoraji wa kiufundi miaka 31, nimestaafu, naishi Tanga, na kidole gumba changu cha kushoto kina kovu la patasi. Kwa hiyo msidhani sina upande.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, wawili wa mwisho ni mapacha, wako darasa la saba. Jumamosi iliyopita tuliitwa kwenye mkutano wa wazazi pale sekondari ya kata. Diwani akasimama, akasema shule itakuwa ya amali: uashi, useremala, umeme, ushonaji na kilimo. Hapo hapo zikaanza kelele. Wengine wakapiga makofi, wengine wakabeba viti vyao wakaondoka. Mjumbe mmoja wa bodi ya shule akasema, "Watoto wetu wanafeli tu, heri wajue kushika nyundo." Mwalimu, neno hilo limenichoma. Shule hii tuliijenga wenyewe mwaka 2006. Mimi nilikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza, nikabeba mawe kichwani kutoka mtoni. Mwaka 2014 tukachangishwa tena, safari hiyo ya maabara tatu. Sasa tunaambiwa maabara mbili zitakuwa karakana. Wa kiume hapo nyumbani haachi kufungua redio, wa kike anasema atakuwa daktari. Je, niwahamishe? Sekondari nyingine ya karibu iko kilomita 11 na haina bweni. — Mama Mapacha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mjumbe wa bodi, maana nami kanichoma.

Kauli yake inasikika mikutanoni kila mahali, na anayeitoa hudhani anawasaidia watoto. Mwambie aje asimame chini ya paa lolote la darasa alilokalia siku ile, atazame juu. Ile kenchi inayoshikilia bati haikukatwa na mtu aliyefeli hesabu. Mwanafunzi asiyejua pembe na uwiano atakata boriti kumi, tatu zitakaa sawa na saba zitakuwa kuni. Nimewahi kupokea watoto walioletwa karakanani kwa sababu "darasani wameshindwa", na wengi wao walishindwa na kwangu pia, si kwa ubutu wa akili, bali kwa sababu walikuja wakiwa wameshaambiwa kwamba hapa ni jalala. Shule ikifunguliwa kwa kauli ya "heri wajue nyundo", imeshaharibika kabla ya kununua hiyo nyundo.

Sasa swali lako. Tangu Januari 2024, mtaala mpya umegawa sekondari katika mikondo miwili, wa elimu ya jumla na wa amali. Mtoto wa amali haachi masomo yote. Hisabati ipo, Kiingereza kipo, Historia ya Tanzania na Maadili ipo. Juu yake anachukua fani moja, anaifanyia kazi kwa mikono kwa miaka minne na kupimwa kwa vitendo. Sera yenyewe ya elimu, toleo la 2023, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari, maana yake kila mtoto afike kidato cha nne. Ukikubali kwamba wote watafika, inabidi shule iwe na kitu cha kumpa hata yule ambaye hataenda kidato cha tano. Hapo mimi siwapingi waliokuja na wazo hili.

Mwanao wa redio huenda akafurahi kuliko unavyofikiri. Kwa wa kike kuna jambo. Udaktari unataka Biolojia, Kemia na Fizikia, na somo ambalo halikufundishwa kidato cha kwanza hadi cha nne huwezi kulichukua tahasusi ya kidato cha tano. Hapa usikubali majibu ya jumla ya "mlango haujafungwa". Ulizia kwa majina: Biolojia itafundishwa? Kemia itafundishwa? Nani atafundisha, na katika maabara ipi, ikiwa mbili kati ya tatu mnazigeuza karakana? Maabara ile mlichangia. Kuigeuza karakana ni sawa na kumvua mtoto mmoja shati ili umvishe pacha wake.

Na hakuna lazima ya kuchagua moja. Sekondari kongwe za ufundi, Tanga Tech hapa kwetu, Moshi Tech, Ifunda, Bwiru, zote zilikuwa na maabara upande mmoja wa uwanja na karakana upande wa pili. Kijana alitoka kwenye fizikia akiwa na chaki mkononi, akaingia karakanani akavaa ovaroli. Wengi wakaenda vyuo vya ufundi, wengine kidato cha tano, na wahandisi wa nchi hii wazee wazee ukiwauliza walianzia wapi utayasikia majina hayo hayo. Kwa hiyo mkutanoni msipige kura ya ndiyo au hapana. Dai mikondo yote miwili, karakana ijengwe pembeni, maabara zikae.

Halafu ulizia barua. Diwani hageuzi shule kwa kusimama na kutamka. Sekondari ya serikali iko chini ya halmashauri na TAMISEMI, mtaala unatoka Wizara ya Elimu na Taasisi ya Elimu, na mafunzo ya ufundi yana msimamizi wake, NACTVET. Mahali fulani lazima iwepo karatasi inayosema fani zipi, walimu wangapi, vifaa gani na kuanzia lini. Mwombeni mkuu wa shule awasomee. Kama hana, basi Jumamosi ile mlijadili uvumi wenye kipaza sauti.

Nikupe na kisa changu, ujue kwa nini nasisitiza vifaa. Shule moja niliyofundisha, jina tuliache, tuliletewa mashine mpya: ya kuranda, ya kukata, na kerezo mbili. Makasha ya mbao, yamepigwa misumari, lori zima. Wanafunzi waliimba. Siku ya pili fundi umeme akaja, akatazama mita, akacheka. Mashine zilitaka umeme wa fezi tatu, shule ilikuwa na fezi moja. Tukaandika barua. Tukaandika tena. Makasha yalikaa miaka sita pembeni mwa karakana, nyigu wakajenga, sisi tukawa tunawekea chai juu yake. Kila mwaka alikuja mtu wa kuhesabu mali, akaandika kwenye daftari lake: mashine za useremala, zipo. Na hakusema uongo, zilikuwepo. Tulipopata umeme wa kuziwasha, panya walikuwa wamekula nyaya za ndani.

Ndiyo maana nakwambia, siku wakisema karakana imekamilika, usitazame rangi ya ukuta. Ingia ndani uhesabu jiriwa, vile vibanio vya kushikia kazi mezani. Mimi sikuruhusu wanafunzi zaidi ya wawili kwenye jiriwa moja, maana wa tatu anakuwa mtazamaji. Darasa la watoto 40 lenye jiriwa nne lina mafundi wanane na watazamaji 32. Uliza fezi ni ngapi. Uliza bajeti ya mbao, simenti na nyaya za kila muhula, kwa kuwa vifaa vya mafunzo huliwa kama unga. Elimu bila ada ilianza 2016, lakini karakana isiyo na fungu la malighafi itarudi kwako kwa jina la mchango.

Kuwahamisha? Mwaka huu hapana. Kilomita 11 kwa binti wa miaka 13, alfajiri kwa miguu au nyuma ya bodaboda, ni hatari unayoijua wewe kuliko mimi. Baki, upige kelele ukiwa ndani. Ukifika Novemba na hakuna aliyekujibu habari ya Biolojia, niandikie tena.

SWALI: Mwalimu, bibi yangu anasema amali ni mambo ya siku ya kiama, mtu anapimwa amali zake. Imekuwaje ni useremala? — Mjukuu, Pongwe

JIBU: Bibi yuko sahihi na serikali haijakosea. Amali ni tendo, kazi iliyofanyika. Kwenye mizani zinapimwa zote, nzuri na mbaya. Wenzetu wa Zanzibar wamelitumia neno hili kwa ufundi kwa miaka mingi, wana Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, wakati sisi bara tulikuwa tunasema ufundi stadi. Mimi nalipenda. Mpe salamu bibi, umwambie hata meza inayopepesuka itaulizwa.

SWALI: Mzee mwenzangu, salaam. Nimefanya kazi reli miaka mingi, sasa napumzika. Naona watu wanashangilia, nami nasikia harufu ya zamani. Wakoloni walitaka Mwafrika asome jembe, wao wasome sheria. Tukapata uhuru tukasema basi. Leo watoto wa wakubwa wako shule za Kiingereza wanasoma sayansi, na watoto wa wakulima wa machungwa wanaambiwa wajifunze kupiga lipu. Kuna tofauti gani? — Mzee wa Reli

JIBU: Salaam, mzee mwenzangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote na sitalikwepa.

Hofu yako ina kumbukumbu. Mwaka 1924 ilipita Afrika Mashariki tume ya Phelps-Stokes ikitokea Marekani, ikashauri Mwafrika apewe elimu "inayomfaa" kijijini kwake, kilimo na kazi za mikono. Miaka ya 1950 tukawa na middle school, darasa la tano hadi la nane, na kilimo kilikuwemo ndani ya ratiba. Wazazi walinung'unika vilevile unavyonung'unika wewe: mtoto nimemtoa shambani umpeleke tena shambani? Marehemu baba yangu alikuwa mmoja wao.

Halafu ikaja 1967 na Elimu ya Kujitegemea. Mwalimu Nyerere alikuwa anasema kitu tofauti kabisa, kwamba anayesoma asijione yuko juu ya anayelima. Lakini niambie, wewe uliyekuwa na watoto shuleni miaka ile, shamba la shule lilitumikaje? Mtoto akichelewa: shambani. Akizungumza darasani: chukua jembe, kalime matuta kumi. Aliyefaulu alipewa daftari, aliyekosa alipewa jembe. Nami nilikuwa mwalimu wa zamu, niliwapeleka. Tulichukua falsafa ya kuheshimu kazi tukaifanya bakora. Miaka mingi baadaye tunashangaa mtoto akisikia "amali" anauliza amekosa nini.

Hapo nakubaliana nawe. Hapa ndipo tunapoachana: Ifunda. Mahali pale wakati wa Vita Kuu ya Pili palikuwa kambi ya wakimbizi kutoka Poland. Miaka ya 1950 pakawa shule ya ufundi, na Moshi ikapata yake. Zilianza kama shule za kutoa mafundi, na baada ya uhuru zikapandishwa kuwa sekondari za ufundi, zikaongezwa sayansi na hesabu. Kupata nafasi pale kulikuwa sifa. Nilipoingia sekondari ya ufundi mimi, mama alipika pilau. Jembe halikuondolewa pale, wala nyundo. Kilichotofautiana ni kwamba aliyeshika nyundo alishika na kitabu, na karakana ilikuwa na vifaa kuliko nyumba ya mkuu wa shule.

Kwa hiyo kipimo changu kwa mtaala huu ni hicho chako: watoto wa wakubwa. Siku ofisa wa halmashauri atakapompeleka mwanawe kwenye karakana ya kata bila kuona haya, nitajua ni shule. Hadi hapo uchungu wako nauheshimu. Ila usiwaambie wajukuu wasiende. Waambie waende wakadai.

SWALI: Mwalimu, mimi ni seremala, nina banda langu karibu na stendi. Kwenye mkutano ule tulikuwepo mafundi kama kumi na mbili, hakuna aliyetuuliza neno. Nina maswali mawili. La kwanza, hao vijana wakitoka na vyeti watajaa, mimi nitakula wapi? La pili, wanaletewa mwalimu mwenye cheti. Juzi alikuja bandani kwangu kijana mwenye cheti, nikampa randa anoe, akaniuliza mashine iko wapi. Mimi sina cheti, nina miaka 19 ya kazi. Je, naweza kufundisha? — Fundi wa Stendi

JIBU: Fundi, karibu sana. Umenikumbusha harufu ya gundi.

La pili kwanza. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia bandani anapimwa kazi yake, anapata mafunzo kidogo ya pale alipopungukiwa, mambo kama usalama, kusoma mchoro na kukokotoa vifaa, kisha anapewa cheti. Nenda chuo chao hapa Tanga uulizie. Beba picha za kazi zako kwenye simu. Cheti hicho peke yake hakikupi ajira ya ualimu serikalini, nisikudanganye, lakini kinakupa haki ya kukaa mezani, na shule yenye akili itakuita uje hata siku mbili kwa wiki. Andikeni barua ninyi kumi na wawili, kwa mkuu wa shule na nakala kwa afisa elimu kata, mseme: mabanda yetu yako wazi kwa wanafunzi kufanya mazoezi. Hilo ni jambo ambalo diwani hana na ninyi mnalo.

Habari ya yule kijana wa cheti, ngoja nimtetee kidogo, halafu nimseme. Huenda hakuwahi kupewa randa yake mwenyewe. Kunoa hakufundishwi ubaoni. Unatoa chuma, unakilaza juu ya jiwe lenye mafuta, unatafuta ile pembe kwa kidole, si kwa jicho. Chuma kikikaa sawa, mafuta yanasukumwa mbele kwenye ncha kama kijimstari. Ukiinua mkono kidogo tu, mstari unapotea, na hapo ujue unakiua. Unakwenda na kurudi, polepole, hadi nyuma ya ncha kuwe na kimng'aro ukipapasa kinakwaruza. Unageuza, unakiondoa kwa kusugua bapa mara mbili tatu. Unarudisha chuma, unasukuma juu ya ubao. Maranda yakitoka marefu na membamba kama ganda la kitunguu, yanajikunja yenyewe, umefika. Yakitoka kama unga, rudi kwenye jiwe. Mwanafunzi wangu mmoja alirudi mara tisa, ya kumi akaweka yale maranda katikati ya daftari lake la hesabu. Sasa nimseme: mwenye cheti cha useremala aliyeona jiwe akauliza mashine, aombe radhi kwa jiwe.

La kwanza: utakula wapi. Fundi, uko Muheza. Mitiki ya shamba la Longuza iko mlangoni pako, nami nimeona duka mjini kwenu linauza vitanda vilivyopakiwa Dar. Anayekunyang'anya mteja leo ni kitanda cha lori. Mafundi wazuri wanne mkikaa pamoja mnaweza kuomba kazi ya madawati ya halmashauri nzima, ambayo peke yako huwezi kuiomba. Hata hivyo sitakuambia hofu yako ni ya bure. Ikiwa shule itatoa maseremala 40 kila mwaka kwenye kata yenye mabanda kumi na mawili, watu watalala njaa, wao na wewe. Hilo ndilo la kusema kwenye mkutano ujao: fani zisichaguliwe kwa sababu ni rahisi kuzianzisha. Mbona hakuna aliyetaja kusindika matunda, wakati machungwa yanaoza barabarani msimu ukifika? Mbona hakuna ufundi wa pampu na bomba?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha pili. Nataka kusoma umeme lakini baba anasema amali ya msichana ni ushonaji. Na sisi tulioko kidato cha pili tutabadilishwa? — Binti

JIBU: Marahaba. Mabadiliko haya huanzia kidato cha kwanza na kupanda mwaka kwa mwaka, kwa hiyo wewe unategemewa kumaliza ulichoanza. Ukitaka umeme, kazana na Fizikia na Hisabati, halafu utakapojaza fomu ya machaguo kidato cha nne, angalia vyuo vya ufundi: Arusha, DIT ya Dar es Salaam, au VETA.

Baba usibishane naye kwa maneno makubwa. Muulize hili tu: mchana, mama akiwa peke yake nyumbani na soketi inatoa cheche, angependa aingie chumbani fundi wa namna gani? Mwachie afikirie. Na ushonaji usiudharau, mwanangu. Anayekata suti ikakaa begani anajua hesabu kuliko wengi. Ila uuchague wewe.

SWALI: Mwalimu, wewe kila mwezi unasifia ufundi. Watoto wako walisoma wapi? — Kijana, Muheza

JIBU: Nilijua itakuja.

Nina watoto watatu. Wasichana wawili, mmoja nesi, mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Wa mwisho ni wa kiume. Huyo alikulia karakanani kwangu. Likizo zote alikuwa chini ya benchi anaokota vipande. Akiwa na miaka 12 alitengeneza kigoda, peke yake, viungo vya ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Mguu mmoja ulikuwa mfupi. Nilimwonyesha mguu mfupi kabla sijamsifu viungo, na hilo ni kosa la kwanza.

Alipomaliza darasa la saba, nafasi za ufundi zilikuwepo na mimi nilikuwa na sauti. Mkuu wangu wa shule aliniambia mwenyewe, mlete. Sikumleta. Nilimwambia soma kwanza, haya mengine utayakuta. Nikampeleka sekondari ya kawaida, kidato cha tano akachukua HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kisha chuo kikuu, leo anauza bima Dar es Salaam na hajambo. Miaka hiyo hiyo, asubuhi, nilikuwa nasimama mbele ya watoto wa watu wengine nikiwaambia mikono yao ni mtaji. Niliwaamini wao. Mwanangu nilimwogopea. Niliogopa kwamba watu watasema mwalimu mzima mtoto wake ni seremala, na niliogopa zaidi kwamba nilijua mshahara wa seremala.

Kwa hiyo mjumbe wa bodi niliyemtolea ukali hapo juu, na ofisa wa halmashauri niliyesema nitampima kwa mwanawe, wote wawili nimekaa nao benchi moja. Mama Mapacha akisita, simcheki.

Kigoda bado kipo jikoni. Mke wangu anaweka kipande cha boksi chini ya ule mguu. Idi iliyopita mtoto alikuja na familia yake, akakikalia anamenya viazi, kikacheza. Akakipindua, akalitazama lile boksi muda mrefu, akaniuliza kama ile randa ndogo bado ninayo.

Ninayo. Nilimpa na jiwe.